Mama Wakesho na Bango la Kwaya

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nimefungua tena duka la binti yangu Wakesho, la kuchapa kwa kompyuta. Yeye amejifungua, yuko Bura kwa mumewe. Mjukuu wangu ni mzuri kuliko watoto wote wa Taita, na si kwa sababu ni wangu. Kompyuta naiwasha mwenyewe. Mimi, wa darasa la saba! Hapa Voi mama gani mwingine wa rika langu anaiweza?

Kwaya yetu inazindua kaseti. Nimesema mbele ya wote kwamba bango litatoka duka la binti yangu. Picha yetu iko ndani ya mashine tayari. Kazi ni kuikuza tu.

Jumanne, 9 Julai

Picha imeharibika. Nikiivuta, sote tunakuwa wanene kama magunia ya mahindi.

Nimempigia Wakesho simu kwenye shule anakofundisha mumewe. "Mama, shikilia shifti, usiachilie mpaka umalize." Laini ikakatika. Sawa. Baba Wakesho ameshika shifti za reli maisha yake yote, mimi nishindwe na ya duka? Sikwenda hata kula. Nimekaa kitini mpaka jioni nikivuta. Magunia yale yale.

Nimeprinti moja nikamwonyesha Mama Mghoi, mwenzangu wa kwaya, peke yake. Tumekua pamoja, huyo ni dada. Tulicheka hadi machozi. Akaomba karatasi akawashie jiko. Nikampa.

Jumatano, 10 Julai

Shifti ni kidude cha kibodi! Wakesho amenicheka kwenye simu mpaka mtoto akaamka.

Cha kushoto kimekwama, nadhani ni chai yangu. Cha kulia kizima. Unakishikilia kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwa mausi, mikono imepishana kama unabembeleza mtoto. Halafu unavuta pembe ya picha, si ubavu. Watu wakabaki watu. Karatasi nne, nimeziunganisha kwa gamu. Nani kama mimi?

Ijumaa, 12 Julai

Mazoezi. Nimeingia na bango kwapani. Kicheko. Magunia yamebandikwa ukutani.

"Mama Wakesho, ulitulisha nini?"

Mama Mghoi ndiye aliyeyaleta. Hakuniangalia usoni. Mwenyekiti akasema kazi ya bango imeshapelekwa Mombasa, kwa mpwa wa Mama Mghoi. Mpwa! Kumbe ndilo jiko alilotaka kuwasha.

Sikulikunjua bango. Wanicheke mimi, nimezoea, mdomo wangu naujua. Lakini wamelicheka duka la mwanangu. Na kuni nimetoa mimi kwa mkono wangu.

Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani.

Nimelikunjua bango kitandani. Ni zuri, sisemi uongo. Kila mtu na uso wake. Katika picha ndogo sikuwahi kuona kwamba Mama Mghoi ameniwekea mkono begani. Hapa vidole vyote vinaonekana.

Baba Wakesho ameuliza alitundike wapi. Nimemwambia angoje kwanza.