Nafasi Niliyoiacha Wazi

Oosterveld, Michigan
Jumanne, 14 Aprili

Dada yangu Trena,

Nakuamkia kwa upendo, wewe na shemeji Arlo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa nje juani na kile kikohozi kimeshakuachia, maana jua la Arizona ndilo lililowatoa huku, na lisipokuponya kifua nitalishtaki. Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi ya kuchumia machungwa. Umri wake si wa kuparamia miti, na machungwa yenyewe yakiiva yataanguka.

Mimi mwilini ni mzima. Theluji bado imekaa nyuma ya gereji, nyeusi kwa uchafu, haina hata aibu, na leo tuko katikati ya Aprili. Kanisani tumepata mpiga kinanda mpya, kijana mzuri lakini anazikimbiza zaburi kama mtu anayeachwa na basi. Sisi wazee tukifika mwisho wa ubeti, yeye ameshafunga kitabu. Harriet Poest ameanguka jikoni akavunja nyonga, tunapokezana kumpelekea chakula. Habari zote ndizo hizo, na najua zingetosha kwa simu ya Jumapili. Utajiuliza Hermina kapatwa na nini mpaka anajaza kurasa. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekusikia unavyopumua, nikashindwa, kama nilivyoshindwa mara nne tayari.

Ninayo mambo ya kukuambia juu ya Joel. Nakuomba, dada, usome mpaka mwisho ndipo unyanyue simu.

Mlipohama uliniambia nimtazame mwanao. Nikacheka, jitu la miaka thelathini na mingapi, lina nyumba na ndevu, nilitazame nini? Lakini kumbe yeye ndiye aliyenitazama mimi. Kila Jumapili alikuja kunywa supu ya njegere. Andre, mwenzake anayeishi naye, hakuja, kwa sababu sikumwalika hata siku moja kwa miaka saba, na Joel hakuniuliza kwa nini. Akimaliza kula alijaza supu kwenye chupa ya kufunika, akaniambia ni ya kesho mchana. Mimi najua ni ya Andre, naye anajua kwamba najua. Ndivyo tulivyoishi, kila mmoja akimstahi mwenzake kwa namna hiyo, na nilidhani tumeweza.

Mume wangu Melvin alipofariki nikawa naongea na friji, Joel ndiye aliyeniletea habari ya nafasi ya kazi pale mapokezi, kwenye kliniki ya serikali ya wanajeshi wastaafu aliyokuwa akiisimamia. Kazini aliniita Bi Zylstra, nyumbani mama mdogo, na hakuchanganya. Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Kliniki ilipoanza kufungua Jumapili, sote tuliwekwa kwenye zamu. Nilimwambia siku ya Bwana sifanyi kazi, hata wakinifukuza. Hakubishana. Alilikata jina langu kwenye ratiba akaandika lake, mwaka mzima. Zile Jumapili ulizokuwa ukinuna kwenye simu kwamba kijana kaja kwangu saa tisa, chakula kimepoa, alikuwa anatoka kwenye zamu zangu.

Na kulikuwa na msichana mmoja, Brandi, ambaye kila nikiinamisha kichwa kabla ya kula mkate wangu alipaza sauti: "Shhh, jamani! Mtakatifu Hermina yuko kwenye laini na bosi mkubwa!" Wenzake wanacheka mpaka wanapaliwa. Siku ya kwanza nilivumilia, ya kumi nililia chooni. Wanaosema Mkristo hachekwi siku hizi, hawajala mkate wao mbele ya Brandi. Joel alimwita pembeni, sijui alimwambia nini, lakini kuanzia hapo nilisali kwa amani.

Sasa tufike Machi. Haya unayajua nusu. Walikuja watu wawili kutoka juu, na kompyuta zao, wakasema kuna mfanyakazi ameleta malalamiko kwamba msimamizi anawakandamiza Wakristo. Joel akaondolewa kwenye nafasi yake siku ile ile wakati uchunguzi ukiendelea. Akabeba vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia, mbele yetu sote. Jumapili iliyofuata mchungaji alisema kwamba mmoja wetu, jina hakulitaja, amesimama kidete kwa ajili ya imani yake, akatuomba tumwombee. Watu wakasimama. Mpaka Harriet, kabla ya nyonga, akasimama. Mjini kila mtu alishajua msimamizi ni nani, na ni mtu wa namna gani, na kila mtu akawa na la kusema. Dukani kijana mmoja alimwuliza Joel kama mayai atayanunua, au nayo ni ya Kikristo mno kwake.

Nilipokupigia jioni ile ulikuwa umeshasikia. Ulilia, kisha ukasema Mkristo wa kweli hawezi kuzua jambo kama lile, lazima Joel alifanya kitu. Ukamwombea baraka mtu yule aliyethubutu kusema, ukimwombea huku unamlilia mwanao, na mimi upande wa pili wa simu nikaitikia amina. Kisha ukampigia Joel ukamwambia atubu, na kwamba usingependa kusikia sauti yake mpaka awaombe radhi watu wa Mungu. Yeye akakuuliza, "Mama, umeniamini mimi hata kidogo?" Ukasema unamwamini Mungu kwanza. Uliniambia mwenyewe, tena kwa fahari, na mimi nikakuuliza habari za kikohozi.

Dada, ni mimi.

Malalamiko yale niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu, na sahihi ni yangu.

Unazijua kadi zangu, zile ndogo ninazoandika aya ya Biblia. Nilikuwa naweka moja kwenye bahasha ya kila mgonjwa pamoja na tarehe yake ya kurudi. Joel aliziona akaniacha, akaniomba tu niwape wanaozipenda. Oktoba alikuja mzee mmoja, Bwana Whitlock, mapafu yamekwisha, anasukumwa kwenye kiti na mwenzake, Leon. Kwenye fomu, penye nafasi ya ndugu wa karibu, Leon aliandika "mume." Wametoka mbali, wamechoka, wana adabu zao. Kadi ya siku ile sikuiokota tu, dada. Niliichagua. Nilichagua aya ya ghadhabu na hukumu. Leon alidhani ni neno la faraja kama wengine wanavyopata, akaanza kumsomea mzee kwa sauti pale pale mlangoni. Katikati akanyamaza. Mzee hana pumzi ya kusema, akawa anampigapiga mkono Leon, pole pole, kisha akasema, "Twende nyumbani." Hawakurudi mpaka baada ya Krismasi.

Joel aliniita ofisini akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza kazini aliniita mama mdogo. Alisema kadi basi. Nisali nipendavyo, nisome Biblia yangu wakati wa mapumziko, hatagusa, lakini yule mzee alikuja kutibiwa. Alisema pia hataliandika popote, ili lisiniharibie kazi. Nikatoka pale nimevimba. Mimi nimembadilisha nepi mtoto yule, leo ananikataza Neno!

Februari wakaja wazee wa kanisa kwa ziara ya mwaka. Unajua ilivyo. Sebule imepigwa deki, kahawa na keki ya lozi mezani, wazee wawili wamekaa na makoti yao, na swali juu ya hali ya roho yako. Unajua pia kwamba hakuna anayethubutu kujibu kuwa hana la kusema. Zamani Melvin ndiye aliyejibu kwa niaba yetu. Mzee Bosgraaf akaniuliza kama imani yangu imenigharimu chochote mwaka huu. Nikasema kazini nimekatazwa na msimamizi wangu kuwapa watu neno la Mungu. Hakuna neno la uongo hapo. Maneno mengine niliyaacha tu. Bosgraaf akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akasema hatanisahau katika sala. Tangu Melvin afe hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile, dada. Nilijiona mtu. Mzee wa kanisa wa pili, Tyler Meengs, ambaye bado kijana, akasema serikali inakusanya taarifa za wafanyakazi wake wanaoonewa kwa Ukristo wao, na Jumatano akaniletea fomu.

Utaniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri kama tunavyofikiri sisi. Taarifa ya ziara inasomwa kwenye baraza la wazee, mlango umefungwa, inaombewa, inawekwa kabatini, na baada ya wiki mtu anakuja na sahani ya keki kukujulia hali. Haki ya Mungu, nilidhani fomu ile nayo itakwenda kwenye kabati fulani, watu wema wataisikitikia, na mimi nitakuwa nimesikika. Umri huu, nimefanya kazi serikalini miaka minne, na bado nilidhani serikali ni baraza la wazee!

Lakini hilo halitoshi kuwa utetezi, na sitaki unitetee kwalo. Fomu ilikuwa na swali moja, la nane. Iliuliza kama msimamizi amewahi kufanya lolote kukusaidia kuishi imani yako kazini. Kulikuwa na mistari sita ya kujaza. Niliitazama mistari ile mpaka kahawa ikapoa. Zile Jumapili zote zilinijia, na Brandi alinijia. Nikaiacha wazi, nikaenda swali la tisa.

Joel alijua tangu siku ya kwanza. Walimsomea maneno bila jina, lakini ni nani mwingine anayesema neno la Mungu "limefungiwa kwenye droo"? Jumamosi ile alikuja, akasafisha theluji mlangoni kwangu, akala, akaosha bakuli zote mbili. Akiwa anavaa koti akasema, "Mama mdogo, si ungeniambia tu kwamba umekasirika." Nami nikamjibu kwamba sijui anazungumzia nini. Nilimtazama machoni nikasema hivyo. Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba jambo moja tu, kwamba wewe usijue, maana mimi na wewe tukigombana utabaki na nani. Ndiyo maana ulipomwambia atubu hakujitetea. Neno moja tu lingemsafisha kwako, akalimeza kwa ajili yangu na yako. Mwezi huo huo akaacha kazi kabla uchunguzi haujaisha, akahamia mji wa Duluth na Andre. Anauza rangi za nyumba.

Jana nilikwenda kwa wale wachunguzi, nikajaza ile mistari sita, na nyingine nyuma ya karatasi. Nikamweleza mmoja wao, mama mmoja, na habari ya Leon. Yule mama akanisikiliza kwa heshima, akasema jalada limeshafungwa kwa kuwa mhusika alijiuzulu, lakini ataongeza karatasi yangu humo. Basi. Nikapitia kwa Mzee Bosgraaf. Usimchukie, si mtu mbaya, alinilia kwa dhati. Akasema maadui wa kanisa watalifurahia jambo hili, afadhali tuliache lipumzike. Nikamwambia nimelilaza miezi miwili, halipati usingizi. Wiki ijayo nitasimama mbele ya ushirika na kutaja jina la yule "mmoja wetu" waliyesimama kwa ajili yake.

Usidhani nimegeuka. Ninachoamini kuhusu ndoa ni kile kile tulichofundishwa na baba, na ningemwambia Joel hivyo usoni, naye angenijibu, na tungekula. Hilo ni langu na Mungu wangu. Lakini niliitwa shahidi kwa ushahidi wa nusu, na nusu niliyoificha ndiyo iliyokuwa na mwanao ndani yake. Moyo wangu umevunjika, Trena, na nimeuvunja mwenyewe, na wako na wake juu yake.

Nilimpigia kuomba msamaha. Alipokea Andre. Miaka saba, na ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ana sauti ya upole. Alisema Joel hawezi kuongea na mimi kwa sasa, pengine baadaye, haahidi. Nikasema nimestahili. Nilipotaka kukata akaniambia nisubiri. Akasema kila Jumapili saa kumi, saa uliyokuwa ukimpigia, Joel huizima televisheni, anaiweka simu mezani mbele yake, na anakaa nayo mpaka saa kumi na moja. Hapigi, kwa sababu ulimwambia hutaki kusikia sauti yake.

Namba yake mpya nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa wino mwekundu. Mimi unaweza kunijibu au usinijibu, unaweza kunitukana, nitapokea. Msalimie shemeji, na Mungu awalinde nyote wawili. Ila usisubiri Jumapili, dada. Mpigie leo.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utaniita hivyo,

Hermina