Mashine Isiyo na Ukoo

Mugumu, Serengeti
Jumatano jioni

Kaka yangu Projestus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Mwanza pamoja na wifi na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Mama Shamimu, mwenye nyumba wangu, ananiangalia kama mwanawe, na ndiye atakayekuletea barua hii akija huko kuchukua vitenge vya duka lake. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Chumba changu kimetenganishwa na cha jirani kwa ubao tu, na jirani huyo ni mlinzi wa kule kilimani ninakofanya kazi. Haya ninayotaka kukueleza sipendi yapite kwenye ubao.

Mara ya mwisho uliniuliza kazi inaendeleaje, nikakujibu kwamba inaendelea. Sasa nikueleze vizuri. Tangu dhahabu ionekane kilima cha Nyarogesi, watu wamemiminika kutoka Geita, Kahama, hata Kenya kwa njia ya Sirari. Mahali palipokuwa na mtama sasa pana maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na turubai za bluu mpaka chini mtoni. Sehemu kubwa ya shamba ni ya mama mmoja mjane anayeitwa Agustina. Mawe yanayotolewa chini hutiwa kwenye viroba, na kila asubuhi viroba hivyo hugawanywa: vingine vya wachimbaji, vingine vya mwenye duara, na vingine vya mama Agustina kwa kuwa ardhi ni yake. Hakuna anayejua kiroba kipi kina mawe mazuri mpaka yasagwe, kwa hiyo jambo zima ni bahati, na bahati inataka mgawaji asiyependelea.

Hapo mwanzo waligawa kwa mkono. Koo mbili zikatiliana shaka, mapanga yakatoka, mtu mmoja akapoteza sikio. Ndipo wazee wa kamati wakasema wanataka kitu kisicho na ukoo. Mwenyekiti aliniambia siku ya kwanza kwamba mashine haina mjomba, na kwamba wamenichukua mimi kuwa karani kwa sababu hiyo hiyo, maana Mhaya kama mimi hana mjomba hata mmoja katika mkoa mzima wa Mara. Walicheka sana. Na mimi nilicheka, lakini baadaye nikafikiri maana yake, kwamba hata nikipata shida sina mjomba.

Basi ile laptop yako kuukuu niliyokuja nayo ndiyo imekuwa mgawaji, kwa ile programu ndogo uliyoniandikia ya kuchagua kwa bahati namba za viroba vya kila mmoja. Betri yake imekufa, kwa hiyo kila asubuhi lazima niiwashe upya kwa umeme wa jua. Na wameiwekea utaratibu wao. Mashine ikianza kuwashwa, kila mtu anaondoka kwenye uwanja wa viroba, asije mtu akagusa kitu kabla ya namba kutoka, na wote wanakuja kusimama nyuma yangu mlangoni waone kioo kwa macho yao. Uwanjani anabaki msimamizi peke yake, Filemoni. Mimi nimekaa nimewapa watu mgongo, mbele yangu kuna kidirisha cha wavu kinachotazama uwanjani. Ni mimi tu ninayeweza kuona nje nikiwa nimekaa pale.

Utaratibu huo haukuwa na neno, kwa sababu mashine yako ilikuwa inaamka haraka. Watu walikuwa hawajamaliza kusalimiana, namba zimeshatoka. Kisha nikaenda Tarime kuchapisha fomu kwenye duka la Abdillah, nikaiunganisha na mtandao wake, ikajipakulia masasisho, na mimi nikayakubali yote bila kufikiri. Tangu siku hiyo ikawa inakaa na kioo cheusi mpaka watu wanachoka, na mimi nikikiinamia kwa aibu bila kuinua kichwa. Wengine walikaa chini. Kijana mmoja mchimbaji, Heche, ambaye mdomo wake haupumziki, akawa anauliza kila asubuhi kama mashine imeamka na mume mlevi. Mama Agustina alisema hapana, hiyo imekwenda Tarime ikaonja maisha ya mjini, sasa inatuona sisi washamba.

Ningevumilia utani, kaka, lakini mawe nayo yalibadilika. Viroba vya kila mtu vikawa vinasagwa na kuacha vumbi tu. Wachimbaji wakasema duara limekata, yaani dhahabu imekwisha. Wengine wakasema ni mashine, kwamba nimerudi nayo na mkosi. Mwanamke mmoja aliacha kuitikia salamu yangu. Kisha nikasikia kwamba kuna bwana wa Tarime anataka kununua shamba la mama Agustina, na kwamba aliyemleta ni Filemoni. Mama mwenyewe aliniambia kwamba kama mawe yamekufa, afadhali auze kabla hata mtama haujakataa kuota. Ataweka kidole kwenye hati ya mauzo Ijumaa hii mbele ya mtendaji.

Mimi niliona kwamba angalau mkosi wa mashine ninaweza kuuondoa. Nilifanya kama ulivyonifundisha, hatua kwa hatua, nikiandika kila ninachobadilisha. Nilizima huduma zisizohitajika, haikusaidia. Nilipima diski, nzima. Mwishowe nilitumia ile amri inayoonyesha muda wa kuamka umegawanyika vipi, na karibu muda wote ulikuwa umemezwa na kerneli, ile programu ya msingi ya mashine. Nikasoma kumbukumbu zake za kuamka. Inaita lile tundu la kadi lililovunjika zamani, haijibiwi, inaita tena, inangoja, inaita tena. Kerneli ya zamani ilikuwa imezoea ubovu huo na kuupita. Hii mpya iliyokuja na masasisho haijui kwamba kule hakuna mtu. Nilikumbuka ulivyomweleza mama yetu kwamba kerneli ndiyo inayoamka kwanza ndani ya mashine na kuwaamsha wengine wote. Basi kerneli yetu ilikuwa imesimama mlangoni kwa marehemu ikipiga hodi.

Jumatatu asubuhi nilibonyeza kitufe wakati wa kuwasha, menyu ikatokea, nikachagua kerneli ya zamani. Kaka, iliamka kama zamani. Watu nyuma yangu walipiga makofi. Heche akasema mashine imeachana na yule mlevi. Mimi niliinua macho nifurahi, nikatazama dirishani.

Filemoni alikuwa amepiga magoti katikati ya viroba. Kimoja kilikuwa kimefunguliwa kamba, na mikono yake ilikuwa imejaa mawe, yale ya kijivu yenye michirizi ambayo hata mimi sasa ninayatambua. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya mawe meupe ya bure, ya kujazia. Alisikia makofi kabla hajategemea kuyasikia. Aliinua kichwa, akaniona ninamwona. Kisha akarudisha mawe ndani ya kiroba taratibu, akafunga kamba, akasimama kama mtu aliyekuwa akifunga kiatu. Siku ile viroba vya mama Agustina vilisagwa vikatoa dhahabu nzuri, na yeye akaja kunishika mkono, akasema labda ilikuwa bahati ya mwisho ya shamba, ya kuagana.

Nilijiambia ninatafuta namna nzuri ya kumweleza mama Agustina nilichokiona.

Mchana Filemoni alikuja ofisini na soda mbili. Aliuliza habari za nyumbani kwetu, kama ndizi zimestawi. Alisema amesikia ninatembea kwa miguu kurudi Mugumu, na kwamba ile njia ya katikati ya mtama siyo nzuri kwa binti asiye na ndugu hapa. Alizungumza kwa upole kabisa. Alipomaliza soda yake aliitazama laptop, akasema, "Dada karani, mashine ikikimbizwa inaharibika. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa na adabu. Irudishe."

Kaka, nisamehe kwa nitakayoandika hapa. Nimeanza sentensi hii mara nyingi.

Niliirudisha. Jana asubuhi, watu wakiwa wamesimama nyuma yangu, nilibonyeza kile kitufe na kuchagua kerneli mpya kwa mkono wangu mwenyewe. Waliona menyu, hawakujua maana yake. Kisha kioo kikawa cheusi, nikakaa nikikitazama, sikuinua macho kwenda dirishani kwa sababu nilijua ninachokipa nafasi. Na mama Agustina, aliyekuwa karibu nami kuliko wote, akaniwekea mkono begani. Alidhani ninaona aibu. Akasema, "Pole mwanangu. Mashine nayo ni kama mtu, inaumwa, inapona, inaumwa tena. Usijilaumu." Aliuacha mkono wake pale muda wote tuliokuwa tukingoja. Mawe yake yalisagwa yakawa vumbi.

Leo asubuhi nikafanya tena. Ndiyo, tena, hata baada ya mkono ule. Sina la kujitetea. Nilipofika pale, nilimwona Filemoni ameegemea nguzo ya uwanjani akinitazama, na kidole changu kikaenda chenyewe.

Nimekaa nikijiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Walitafuta asiye na ukoo wakidhani ndiye asiyependelea, na mimi nimegundua kwamba asiye na ukoo ndiye rahisi zaidi kutishwa. Haki yao yote waliiweka juu ya mtu ambaye hana pa kukimbilia. Hawakuliona hilo, na mimi sikuliona.

Leo mchana, watu walipokwenda kula, niliwasha mashine kwa kerneli ya zamani, kisha nikaiondoa ile mpya kabisa, nikaweka na zuio isije ikajirudisha. Najua utaniambia kwamba ya zamani ina mapengo ya usalama. Lakini mashine hii haitaingia mtandaoni tena nikiwa nayo, na wezi ninaowaogopa mimi hawapiti huko. Halafu nikamfuata mama Agustina alikokuwa akianika mihogo, nikamwambia asiweke kidole popote kabla ya kuona mawe ya kesho na keshokutwa. Nilitaka kumweleza kwa nini, nikajikuta ninamsaidia kugeuza mihogo. Alinitazama, akaelekeza macho uwanjani kwenye nguzo, akanirudia mimi. Aliniambia tu kwamba kuanzia leo jioni wanawe wawili watanisindikiza mpaka Mugumu, kwamba wana safari zao huko. Hawakuwa na safari yoyote. Wamenifikisha mpaka mlangoni kwa mama Shamimu, wakageuka.

Usinisifu, kaka. Mtu jasiri angeziacha kerneli zote mbili na kuchagua iliyo sawa kila asubuhi. Mimi nimebakiza moja kwa sababu sasa najijua. Kesho Filemoni atakuwa ameegemea nguzo yake, na najua kidole changu kitakwenda kwenye kitufe. Kiende. Hakitakuta cha kuchagua.

Msalimie wifi na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Wasalimu jirani zako wote wanaonikumbuka. Mama Shamimu anakusalimu na anaomba umwonyeshe duka la vitenge la bei nzuri. Mama yetu akipiga simu na kuuliza habari zangu, usimweleze haya. Mwambie kompyuta yako inawaka vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Honoratha