Kompyuta Iliyonikata

Baba watoto,

Nawahi wodini, chai iko kwenye chupa. Ile kompyuta yako ya kurekodia ~~itupe~~ usiiguse leo.

Sherehe ya wauguzi ilipoonyeshwa mubashara kwenye runinga jana, king'amuzi chetu kikuukuu kingeirekodi yote, na matangazo yake. Wewe ukang'ang'ania kompyuta, eti inakata matangazo yenyewe na tutaangalia hata kwenye simu. Asubuhi nimekaa na kitinda mimba wako kuangalia. Wenzangu wote wamo. Nilipoitwa mimi kupokea cheti, ikaruka hadi wimbo wa kufunga. Imenidhania ni tangazo.

Mtoto akaniuliza, "Mama, kweli ulikwenda?"

Wanarudia saa kumi. Rekodi kwa king'amuzi. Matangazo yaache, mradi nami nimo.

Mama watoto