Bomba Lililokuwa Baridi

Selb, Jumatano, 12 Februari

Kaka yangu Gernot,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye theluji. U hali gani, na kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha au bado unakibembeleza kwa chai ya mnanaa? Sisi hatujambo. Baba ni mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe halimzuii kugombana na jirani kuhusu nani azoe theluji ya njiani. Mimi pia ni mzima, ila usingizi umenipungua, na sababu yake utaisoma humu humu. Tafadhali kaa chini kwanza, wala usiruke mistari kama ulivyozoea.

Nianze na habari njema, maana imenikaa kooni wiki nzima. Ulikuwa sahihi. Zile sahani elfu nne za kiwanda zilizotoka tanurini na malengelenge hukuziharibu wewe!

Unajua kwamba maabara yetu huweka akiba kidogo ya kila kitu tunacholetewa kupima, na baada ya miaka sita huitupa. Mwezi uliopita mkuu wangu, Daktari Prell, alinituma kusafisha kabati la akiba pamoja na Burgl. Burgl ni mwenzangu wa meza ya pili, yule anayekula soseji tatu kila saa tatu asubuhi na kuapa kwamba anapunguza mwili. Alikuwa anasoma majina ya vikopo kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akafika kwenye kimoja chenye mwandiko wangu: udongo wa sahani, tanuri la tatu, na tarehe ya wiki ile ile zilipoharibika. Akaniuliza kulikoni, mbona nimekuwa mweupe kuliko porseleni. Nikamnyang'anya kopo.

Prell alikataa kwanza. Alisema maabara si jumba la makumbusho. Nikamwambia kwamba zamani tulikuwa na mashine mbili na sasa tunazo tatu zilizounganishwa, na kama anaogopa jibu, aseme tu. Burgl alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza ili asionekane akicheka. Prell akaniambia haya, nipime, lakini nisimletee ngonjera.

Nyinyi watu wa matanuri mmezoea kutucheka kwamba tunachoma punje ndogo kuliko dengu. Cheka, lakini sikiliza. Punje inakaa kwenye mizani ndani ya tanuri dogo, joto linapanda polepole, na mizani inaonyesha uzito unaopungua. Moshi wake unapita kwenye bomba jembamba hadi kwenye mashine inayotambua gesi kwa uzito wa chembe zake. Mwaka ule tuliishia hapo, na jibu likawa mvuke wa maji na hewa ya mkaa, basi. Sasa katikati tumeweka mashine inayoutenganisha moshi uliochanganyika, kila gesi itoke kwa zamu yake.

Tulipovuka nyuzi mia tatu, mistari ikaanza kusimama kwenye skrini, mmoja, wa pili, wa tano, hadi Burgl akaacha kutafuna. Nta nzito! Aliniuliza kama hii ni gundi ya kushikanisha udongo au mshumaa wa kanisa. Tukapima na udongo wa mwezi uliotangulia, nao haukuwa na nta hata chembe. Gundi ilikuwa imebadilishwa, kama ulivyopiga kelele siku ile mbele ya wote. Masizi ya nta yalibaki ndani ya sahani hadi ile ngozi ya kioo inayopakwa juu ya sahani ilipoyeyuka na kufunga, yakatafuta pa kutokea, ndiyo yale malengelenge. Hukuharakisha moto kama walivyokusingizia. Hata ungeupandisha kwa siku mbili, yangetokea.

Prell ameandika ripoti mpya, na kiwanda kimeibandika ukutani kwenye chumba cha chakula, pale pale lilipobandikwa tangazo la kukuondoa. Msimamizi wa matanuri anastaafu Pasaka, na wameniomba nikuulize kama utakubali kurudi ushike nafasi yake. Jibu lako uwape mwenyewe.

Jumapili nilimsomea Baba ripoti hiyo. Unajua alivyo, mtu aliyewasha matanuri yale miaka thelathini na moja, na maneno aliyokutupia mezani unayakumbuka kuliko mimi. Aliweka uma juu ya donge lake la viazi, akaniomba nisome tena. Kisha akasema amemfukuza mtoto kwa sababu ya karatasi. Akalia, Gernot. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Mama.

Wote wameniuliza ilikuwaje ripoti ya kwanza ikosee, maana niliiandika mimi. Nimewaambia kwamba nilisahau kuwasha joto la bomba. Bomba lile lazima liwe la moto mwanzo hadi mwisho, la sivyo moshi mzito unagandia humo kama mafuta kwenye sinki, na mashine haiuoni. Prell alisema hapa hakuna asiyewahi kusahau swichi ile. Burgl alinipa nusu ya soseji. Baba alinishika bega.

Kusahau ni kweli, kaka, lakini ni nusu ya kweli. Wiki moja baada ya ripoti nililifungua bomba kulisafisha, na ndani kulikuwa na nta ya manjano. Nilijua pale pale ni nini. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na nilikuwa mwoga. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikaifuta, nikaenda kunywa kahawa. Wewe ulikuwa umebakiza siku tisa kuondoka. Nilikusindikiza stesheni, nikakubebea begi dogo, na sikufungua mdomo. Nimekaa nalo miaka sita, nikikuandikia habari za goti na theluji.

Nilimweleza Prell leo asubuhi. Bado hajanijibu kama nina kazi. Baba nitamwambia Jumamosi, kwa sababu nilitaka wewe ulijue kabla ya yeyote wa nyumbani, na barua hii itakufikia kesho kutwa.

Msalimie Frauke na umbusu mtoto, ambaye Baba anaulizia sasa anafanana na nani. Jumapili saa sita mchana simu yako italia. Atakuwa Baba, na atakuomba msamaha. Mpe, nakusihi, lakini wake peke yake. Mimi nitakuwa nimetoka nje kuzoa theluji, usije ukanisamehe kwa sababu tu umenisikia nyuma yake.

Ni mimi dada yako,
Heidrun