Karatasi za Gredi ya Pili

Jumatatu, 10 Februari 2025
Madaftari arobaini ya kusahihisha. Koo linauma. Mwalimu mkuu, Barasa, amenipa bunda la karatasi za ruhusa niwapelekee wazazi wa darasa langu, gredi ya pili, watie sahihi. Daktari wa meno anakuja hapa Ndalu kutoka Kitale, Ijumaa ya wiki ijayo. Watoto watapakwa dawa ya kuziba mifereji ya magego, ili chakula kisikwame humo na kuozesha jino. Bure, na hakuna sindano. Nimeziweka kabatini chini ya vitabu vya hesabu. Kesho nitagawa.

Ijumaa, 21 Februari 2025
Nilisahau. Nimekumbuka wakati gari la daktari limeshaingia uwanjani. Gredi ya kwanza na ya tatu wamepanga foleni na karatasi zao mkononi. Wangu wamechungulia dirishani.

Barasa akaniuliza za kwangu ziko wapi. Nikasema wazazi wamekataa, wanaogopa. Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa.

Daktari Chemutai alisikitika. Hapaki mtoto bila ruhusa. Akaniambia gego la kwanza la ukubwani huota kule nyuma mtoto akiwa na miaka sita hivi, na wazazi wengi hudhani ni jino la utoto. Likiharibika, lingine haliji. Niliitikia kwa kichwa kama mtu asiye na kosa.

Jioni nimewashia jiko zile karatasi. Zote.

Jumamosi, 8 Machi 2025
Mkutano wa wazazi. Barasa amewagombeza wazazi wa gredi ya pili kwa kukataa matibabu ya bure. Wengi walitazamana tu. Aliyesimama ni Kukhu Nasimiyu, nyanya yake Nafula wa darasa langu, anayemlea mtoto huyo peke yake. Akasema yeye hakuona karatasi yoyote. Mtu akasema kutoka nyuma ati Kukhu husahau hata simu yake kwenye kikapu cha mboga. Watu wakacheka.

Kukhu akanitazama. Alikuwa anangoja niseme kitu. Nilikuwa naandika majina ya waliohudhuria. Nikaendelea kuandika.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumanne, 3 Februari 2026
Karibu mwaka mzima sijaandika humu. Niliogopa kurasa za nyuma. Nimepanda darasa na watoto walewale, sasa ni gredi ya tatu. Jana Nafula alishinda ameshika shavu. Leo hakuja.

Alhamisi, 5 Februari 2026
Bado hajaja. Baada ya masomo nimeenda kwao. Shavu la kulia limevimba hadi jicho limefumba. Ana homa, na tangu juzi anakunywa maji tu. Kukhu amemsukutua kwa maji ya chumvi, amemwekea karafuu, amemaliza yote anayoyajua. Nimempigia Daktari Chemutai papo hapo. Amesema tumlete kesho asubuhi na mapema, tusingoje Jumatatu.

Ijumaa, 6 Februari 2026
Kitale. Gego limeng'olewa. La ukubwani, limeoza hadi kwenye mzizi, usaha tele. Nilimshika Nafula miguu. Alipiga kelele mara moja tu, kisha akawa anatokwa na machozi kimyakimya. Ana miaka minane.

Kwenye korido nikamuuliza daktari kama ile dawa ya mwaka jana ingeliokoa jino hili. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Alisema dawa hiyo husaidia sana, ila mswaki haukomi na sukari bado ni sukari. Ila siku ile angemfungua mdomo. Kama lilikuwa zima angelipaka. Kama lilikuwa limeanza kutoboka, angeliziba likiwa bado dogo.

Tulipokuwa tunaondoka Kukhu akarudi mlangoni. "Daktari, unisamehe," akasema. "Ile karatasi labda ilikuja, nikawashia moto bila kujua."

Mwaka mzima wamemwambia ni msahaulifu mpaka ameamini. Nilifungua mdomo. Nikasema twende tumtafutie mtoto uji.

Nashindwa kujitazama kwenye kioo.

Jumapili, 8 Februari 2026
Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Kukhu, nimemkuta anachambua majani ya kunde. Nafula alikuwa amelala ndani, uvimbe umepungua. Nikasema yote bila kupumzika: kabati, uongo, jiko. Kwamba karatasi yake hakuichoma yeye, niliichoma mimi.

Hakupandisha sauti. Mikono yake iliendelea na kunde.

"Kusahau si neno, mwalimu. Hata mimi husahau. Lakini wewe uliniona nikichekwa."

Nilikaa muda. Sikukaribishwa chai, na boma hili halijawahi kuninyima chai. Nikaaga. Akaitikia bila kuinua kichwa.

Jumatatu, 9 Februari 2026
Nimemwambia Barasa. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Ataandika barua kwa wakubwa, hana njia nyingine. Nimekubali. Nimeomba mawili: niwaambie wazazi mimi mwenyewe, na yeye aiombe timu ya Kitale irudi.

Jumamosi, 21 Februari 2026
Nimesimama mbele ya wazazi. Nikashika meza. Nimesema Kukhu Nasimiyu alisema kweli mwaka jana, na mwongo nilikuwa mimi. Hakuna aliyecheka. Baba mmoja akauliza ni meno ya watoto wangapi yameharibika kwa sababu yangu. Sijui. Nimemjibu hivyo, sijui.

Karatasi mpya nimempa kila mzazi mkononi. Kukhu alimwomba jirani amsomee yake yote, tangu juu hadi chini. Akatia sahihi polepole. Akampa Barasa, si mimi.

Ijumaa, 6 Machi 2026
Timu imerudi. Mtoto anafungua mdomo, gego linasafishwa, linakaushwa, linapakwa dawa nyeupe kama gundi, linamulikwa kwa taa ya buluu. Dakika chache tu. Dakika chache hizo nilizowanyima.

Saba wameambiwa hapana, magego yao yameshatoboka. Wataenda Kitale kuzibwa. Nimeandika majina yao humu, ukurasa wa mwisho, na nitawapeleka mimi mwenyewe. Nafula amepakwa magego matatu ya ukubwani yaliyobaki.

Chakula cha mchana kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe. Nilikaa na darasa. Nafula anatafunia upande wa kushoto, punje chache chache. Wenzake walimaliza, wakasuuza sahani, wakatoka kucheza. Nilibaki kwenye benchi nikamngoja amalize.