Sababu ya Kifo cha Baba Mkubwa

Mlandege,
Iringa.
14 Septemba 2025

Mpendwa Baba mdogo Ipyana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lubumbashi, wewe na mama mdogo Catherine. Je, kile kifua chake kimepona? Mimi sijambo. Baridi ya Iringa imenipasua midomo, lakini kidato cha tatu kinakwenda vizuri.

Pole tena kwa kifo cha kaka yako, Baba mkubwa Abrahamu. Najua ilikuuma kushindwa kufika Mbeya kumzika. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu husambazwa kwa watu mia kabla chai haijapoa. Anayekuletea ni Silvester, dereva wa lori, na Mama mkubwa Tumpe ameniruhusu nikueleze wewe tu.

Baba mdogo, kaka yako alikuwa anatumia unga, yaani dawa za kulevya, na ndizo zilizomuua. Miaka minne. Mkewe alijua, na daktari alijua. Sisi wengine, mpaka alipofariki, tulijua ile sauti yake tu, ikitangaza mpira redioni hata bibi zetu wakasimama jikoni na mwiko mkononi.

Alipofariki, maneno yalianza mitaani siku ileile. Wakaja pia vijana wa televisheni za mtandaoni, wakasimamisha simu zao mbele ya turubai.

Kamati ya mazishi ikanipa mimi kazi ya kuandika na kusoma historia ya marehemu, eti nina mwandiko mzuri. Mimi, ambaye darasani hujificha nyuma ya mwenzangu mwalimu akiuliza swali. Mzee Filemoni, mwenyekiti, akaniambia kwenye sababu ya kifo niandike presha.

Mama mkubwa akainua kichwa. "Presha hakuwa nayo, shemeji. Msimfanye mtoto aongope mbele ya jeneza."

"Basi tuseme lile lenyewe?"

"Lile lenyewe uliulizwa na nani?"

Nikabaki na karatasi yangu: uongo nimekatazwa, ukweli si wangu kuutoa, na watu wanasubiri. Nilichana kurasa tatu. Ya nne niliandika hivi: "Aliugua miaka minne, akatibiwa, akapambana. Ugonjwa wake familia inaujua, na inamshukuru Mungu kwa kila siku aliyoushinda." Mama mkubwa aliisoma mara mbili, akanirudishia bila kusahihisha hata nukta.

Makaburini nilisoma mpaka mwisho. Ndipo kijana mmoja wa mtandaoni akapaza sauti: "Binti, sababu ya kifo hujaisoma."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamwambia, "Ya kwenu nimeyasoma, kaka. Yaliyobaki ni ya nyumbani."

Bibi Damari, yule jirani yetu wa Kanisa la Moravian, akamgeukia. "Wewe mwenye pumzi za kuuliza maswali, njoo ushike koleo." Watu wakacheka msibani, Baba mdogo, hata Mama mkubwa. Yule kijana akaweka simu mfukoni na akafukia kweli, mpaka jasho likamtoka. Kwaya ikaanza kuimba, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikutamani ardhi inimeze.

Lakini hilo si kubwa kuliko hili. Siku ya tatu mtu mmoja alikuja nyumbani, akaomba kuzungumza na Mama mkubwa faragha. Alikuwa akitumia pamoja na kaka yako. Alikuja mazishini akiogopa kwamba siku hiyo na aibu yake itasomwa hadharani. Akasema, "Nimeona kwenu siri inakaa. Nipelekeni kwa yule daktari."

Mama mkubwa alimpeleka mwenyewe. Leo ni wiki ya sita, na kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa dawa yake mbele ya muuguzi. Amenenepa mashavu. Jina lake sikuandikii hata wewe, nawe najua hutaniuliza.

Mama mkubwa anakusalimu sana. Bibi Damari naye, na Mzee Filemoni, ambaye siku hizi ananiita mwanasheria. Msalimie mama mdogo Catherine. Mungu akulinde barabarani na kazini, na moyo wako upumzike kuhusu kaka yako: tulimzika vizuri.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Joyness