Komba wa Mnazi Mkavu

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Usiku wa sita bila usingizi. Macho yanawasha kama yametiwa pilipili, na saa mbili nina darasa. Bwana mtaalamu wa wanyama, Mzungu aliyenipa kazi hii, yuko Dar es Salaam, anaumwa. Kaniachia tochi na maswali: komba anakaaje, anarukaje, analala na nani. Anakaa wima, ameukumbatia mti. Anaruka wima vilevile, na kabla sijaandika, hayupo. Nimechoka naye.

Jumatano, 8 Agosti
Wako watano, tundu moja, kwenye mnazi mkavu nyuma ya shule. Magharibi wanatoka mmoja mmoja, kila mmoja na njia yake. Alfajiri wanaitana mpaka wakutane. Jike mwenye sikio lililochanika huwaramba wenzake kwanza, ndipo walale. Mke wangu hasemi nami siku ya tatu, kwa huku kukesha kwangu nje. Komba wananishinda kwa maelewano.

Alhamisi, 9 Agosti
Mzee Pazi, mgema, kanifuata darasani. Komba wanamnywea tembo lake. Jumamosi anawafukizia moshi tunduni, wafe. Nikamwomba wiki moja.
"Mwalimu," akasema, "wewe unawaandika, mimi wananifilisi."
Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 10 Agosti
Barua ya Bwana. Anarudi kwao. Maandishi yatosha, sasa anataka komba wenyewe, wote watano, wafu, ndani ya chupa za spiriti alizotuma kwa lori. Nimewakeshea ili wawe achari. Nimepiga meza ngumi. Mkono unauma.

Jumamosi, 11 Agosti
Jana magharibi, wote watano walipokwisha kutoka, nilipanda ngazi nikaliziba tundu kwa udongo. Alfajiri wakarudi. Waling'ang'ania mti wima, wakaupapasa udongo kwa vidole. Wakaita sana. Nilijiona mwizi. Kisha yule jike akaruka kuelekea msituni, wengine wakamfuata.

Mzee Pazi akaja na makumbi yake ya nazi, ya kufukizia moshi. Akatazama juu, akanitazama.
"Umewafukuza?"
"Nimewahamisha, mzee."
Akaguna, akaenda zake.

Jumapili, 12 Agosti
Nimemwandikia Bwana: komba hawapo. Chupa zitarudi na lori.

Magharibi mke wangu akauliza, "Leo huendi?" Nikasema siendi. Tukaketi kula. Sauti moja ikaita upande wa msitu, mbali. Nyingine ikajibu. Yeye ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Tukasikiliza mpaka ugali ukapoa.